Maji ya Kusuuzia Vitanda

Kitanda kilirudi Butembo kikiwa kimelazwa chali juu ya lori la Bilali, miguu ikitazama mbinguni, na kila mtu aliyekuwa barabarani kutoka Mangina mpaka Beni, na kutoka Beni mpaka Butembo, alipata nafasi ya kukiona. Hilo ndilo lililomchoma Kyakimwa kabla hata hajakiangalia vizuri. Mtu akikurudishia kazi iliyoharibika, turubai la kuifunika linamshinda nini?

Karakana yake iko upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, na watu wa mtaa wote wanaijua kwa kelele za kompresa. Kyakimwa hapaki rangi ya brashi. Rangi yake ni unga mkavu. Unga huo hurushwa kwa bastola ya umeme ukang'ang'ania chuma, kisha chuma huingizwa katika tanuri alilolitengeneza kutokana na kontena la zamani, na humo unga huyeyuka ukawa ngozi moja isiyo na mshono. Kazi hiyo aliisomea Kampala, na wenye wivu husema alirudi na maneno mengi kuliko mizigo. Si uongo. Ukipita kwake kuuliza bei ya geti, utaondoka umefundishwa.

Somo lenyewe ni moja. Wateja hudhani kazi ni rangi, naye huwaambia kwamba rangi ni mapambo ya mwisho. Kazi ni yote yanayotangulia: kutoa mafuta kwa sabuni ya moto, kupiga mchanga kwa upepo wa kompresa mpaka kutu yote iondoke na chuma kibaki uchi, kukichovya katika maji ya fosfati ili rangi ipate mahali pa kushika, kukisuuza, kukikausha upesi. Ukidanganya katika mojawapo, rangi itakuja kukusema mbele za watu. "Chuma yangu hairudiaka," ndivyo anavyopenda kumalizia, mikono kiunoni.

Sasa kilikuwa kimerudi.

"Mama Mathe, nimekuletea mugonjwa," Bilali alimwambia Kyakimwa akiruka kutoka kwenye usukani. Bilali ni msafirishaji wa Beni, mtu wa swala tano na mzaha usio na idadi. Amebeba mizigo ya Kyakimwa tangu karakana ilipokuwa paa tupu bila kuta.

"Ulishindwa kumufunika?"

"Miye? Turubai niko nayo. Masœur njo alikataa. Alisema batu baone."

Masœur mwenyewe, yaani sista, alikuwa anashuka upande wa pili, taratibu, akishika sketi yake isiguse tope la gurudumu. Masœur Bénie anaongoza kituo kidogo cha uzazi cha masista huko Mangina. Ni mwanamke mfupi, muuguzi wa miaka mingi, na hapigi kelele kamwe. Silaha yake ni kunyamaza mpaka mwenye kosa ajiseme mwenyewe.

"Mwavukire, Masœur," Kyakimwa akasalimia.

Masœur aliitikia, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mvua, kisha akaweka kidole juu ya bomba la kitanda. "Angalia hapa. Na hapa. Na chini hapa. Bitanda byote ulitupakia biko hivi, bingine biko nyuma mu lori. Bamama banalala juu ya magamba. Mumoja alijikata mukono na mutoto mu kifua."

Rangi, ile bluu nzuri ambayo Kyakimwa aliichagua mwenyewe, ilikuwa imevimba malengelenge. Mengine yalikuwa yamepasuka, na mahali yalipopasuka kutu ilikuwa inatoka.

"Ni chlore yenu," Kyakimwa alisema, haraka mno. "Munapanguza kila asubui na chlore. Chlore inakulaka chuma. Nilikuambiaka."

"Tuko na bitanda bingine bya Kampala. Binalala mu chambre moja, tunabipanguza na ndoo moja, chiffon moja. Bile habina kitu."

Kyakimwa aliacha kubishana akainama, jambo ambalo Bilali alilisimulia baadaye Beni nzima. Akapiga magoti kwenye changarawe, akaingiza kichwa chini ya kitanda. Huko, mahali ambapo kitambaa cha kupanguzia hakifiki, malengelenge yalikuwa mengi zaidi. Klori ikila kutoka nje huanzia kwenye mkwaruzo, ikapenya pembeni. Hapa rangi ilikuwa nzima, haina hata alama ya ukucha, na ilikuwa imevimba kutoka ndani. Maana yake ubaya ulikuwa chini ya rangi tangu siku ya kwanza. Maana yake ulitoka hapa, kwake. Ukweli huo aliujua kabla ya kuukubali, na kati ya kuujua na kuukubali alikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Kilichomuudhi zaidi ni mageti. Mageti yake yanasimama mvuani na katika ukungu wa Butembo miaka nenda miaka rudi, na hayana hata kidoa. Vitanda vimelala ndani ya nyumba vikavimba. Mikono ile ile, mchanga ule ule, unga kutoka mfuko ule ule.

Akatoboa lengelenge moja kwa ncha ya bisibisi. Tone la maji ya kahawia likamtokea kidoleni. Akalilamba.

"We mama," Masœur Bénie alisema, na safari hii sauti ilipanda kidogo. "Unalamba kitanda ya maternité?"

"Chumvi," Kyakimwa alisema. "Iko na chumvi."

Nyuma yake mumewe alikuwa amekwisha fika na kikombe. Phinées ni mtu mrefu, mpole, asiyesema mambo mawili pale moja linapotosha. Katika karakana hiyo wanafanya kazi wawili tu: mke hupiga mchanga na kupaka, mume huosha. "Sukutua," alisema, uso umempauka. "Mama Mathe, tafazali. Sukutua sasa hivi."

Kyakimwa akasukutua, akatema, akakunja uso. Yalikuwa maji ya dawa, kama kawaida ya Phinées. Tangu mwaka wa Ebola mikono yake inanuka klori. Wageni huisikia harufu hiyo mlangoni. Mkewe haisikii tena, kwake ni harufu ya mume. Wakati ule Phinées alibeba pampu ya kunyunyizia klori mgongoni kule Mangina, nyumba kwa nyumba, na huko huko alimpoteza dada yake mdogo, Falonne. Nyumbani kwao habari hiyo haisimuliwi. Inakaa tu, na watu huizunguka wakipita.

Masœur Bénie alifuta kidole chake kwa leso. "Hospitali zingine zinaniulizaka nani alitupakia bitanda," alisema. "Nimekuwa natoa jina yako. Sasa nataka nione. Nitalala hapa Butembo kwa masœurs benzangu. Kesho utafanya kitanda moja mbele yangu, toka mwanzo mpaka mwisho. Nikiona kazi ni kazi, byote binabakia kwako. Nisipoona, Bilali anabirudisha hivi hivi, bila turubai, na jina yako inaenda nabyo."

"Kuya asubui," Kyakimwa alijibu. "Nitakuwekea kiti."

Na alikuwa na uhakika, msidhani alikuwa anajikaza tu. Alikuwa ameonja chumvi, na chumvi anaijua. Butembo hakuna bahari, lakini kila mtu anatembea na bahari yake ndogo mkononi: jasho. Kampala walimfundisha kwamba kiganja kitupu kikigusa chuma kilichosafishwa huacha chumvi, na chumvi ikifunikwa kwa rangi huvuta unyevu kidogo kidogo mpaka ngozi ivimbe. Basi kuna mtu aligusa bila glavu. Ama Phinées, ama yeye mwenyewe siku alipokuwa na haraka. Adui akiwa na jina, Kyakimwa hulala vizuri.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata uwanja wa ndege hauonekani. Masœur alikalia kiti cha plastiki alichowekewa, koti juu ya mabega. Bilali naye alikuwepo, maana lori lake lilikuwa linangoja hukumu. Kila mtu alipewa glavu. Bilali alisema yeye hana nia ya kugusa kitu. Kyakimwa akamwambia avae tu, kwa kuwa macho yake nayo hayaaminiki.

Wakafungua kitanda vipande. Kichwa chake, ile fremu ya mabomba inayosimama upande wa mto, ndicho kilichotangulia. Phinées alikisugua kwa sabuni ya moto, akarudia pembe za ndani ambako brashi haingii kirahisi, akatumia kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti. Kyakimwa alimweleza Masœur kila hatua, na mengine ambayo si hatua. Mchanga ukipigwa juu ya mafuta, alisema, huyasindilia ndani ya chuma badala ya kuyatoa, ndiyo maana sabuni hutangulia. Masœur aliitikia kwa kichwa. Muuguzi hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba kidonda huoshwa kabla ya kufungwa.

Kisha Kyakimwa akavaa kofia yake ya kioo na kanzu ya ngozi, akaingia chumba cha mchanga. Kompresa ikanguruma. Hapo ndipo anapoipenda kazi yake kwa moyo wote. Bluu iliyovimba ikaondoka, kutu ikaondoka, na chini yake chuma kikatokea kijivu, kikavu, bila historia. Alipiga mpaka ndani ya maungio, akapuliza vumbi, akageuza, akapiga tena. Alipotoka alikishika kichwa cha kitanda kwa glavu safi, akakisogeza mbele ya Masœur akikigeuza geuza kwa majivuno ambayo hakujaribu kuyaficha.

"Iko kizuri," Masœur alikiri.

"Bado. Ngojea."

Wakakichovya katika maji ya fosfati. Matangi yao ni ya plastiki, yamepasuliwa katikati kwa urefu, na fremu nzima hulala ndani. Chuma kilipotoka kilikuwa kimebadilika kidogo, kijivu chenye kivuli cha bluu. Sasa kilibaki kusuuzwa. Kwa kusuuza, Kyakimwa hatumii maji ya kijito wala ya bomba, kwa kuwa yana madini yake. Hutumia maji ya mvua, na mvua Butembo haijawahi kumnyima mtu. Tangi la kusuuzia lilikuwa limejaa tangu alfajiri.

Phinées alilisogelea tangi hilo. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa chupa ndogo nyeupe, akafungua, akajaza kifuniko, akakimwaga majini. Akakoroga kwa fimbo, polepole.

Masœur Bénie akatikisa kichwa kukubali. "Vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Bilali naye akatikisa kichwa.

Kyakimwa peke yake ndiye aliyesimama na kichwa cha kitanda mikononi, maji yakimdondokea viatuni. Ile chupa alikuwa ameiona mara nyingi. Hajawahi kuiangalia.

"Papa Mathe. Hiyo ni nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ni chlore, Mama Mathe. Kifuniko moja tu."

"Unatiaka kila siku?"

"Hapana. Ni kwa bintu bya hôpital tu. Bya batu, milango, madirisha, hapana. Juu ya nini nitie chlore mu mulango ya mutu?"

Ndiyo hiyo. Mageti yalisimama mvuani na hayakuvimba kwa sababu hakuna aliyeyaogopa. Kila jioni Kyakimwa alikuwa akiuliza, "Umeosha?" na Phinées akijibu, "Nimeosha," na wote wawili walikuwa wakweli. Katika nchi hiyo, tangu ugonjwa ule, neno kuosha limebadilika maana. Watoto walioanza shule wakati ule waliosha mikono mlangoni kwa klori, waumini waliosha kwa klori kabla ya kuingia kanisani na msikitini, sokoni hivyo hivyo, kwenye vizuizi vya barabarani hivyo hivyo. Maji matupu yanalowanisha. Dawa ndiyo inayoosha. Nani angefikiri kumweleza mkewe jambo ambalo kila mtu analijua?

Kyakimwa alikasirika, tena sana. Alimkasirikia mumewe kwa kifuniko kile, akajikasirikia mwenyewe kwa kuifundisha Butembo nzima na kumsahau mtu anayelala naye. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. "Unaniua," alisema. "Unaniua na kifuniko moja, polepole, na upole yako yote."

"Mama, juu ya nini unamukasirikia?" Masœur aliingilia. "Anafanya vizuri. Miye ningefanya vile vile. Kitanda ya hôpital, unapitisha maji bure, bila dawa?"

Kyakimwa akamtazama. Aliona kwamba hapo ndipo jina lake lilipokuwa limesimama: akinyamaza, Masœur ataondoka ameridhika, na vitanda vitavimba tena. Akisema, atalazimika kumwonyesha kwamba kosa lilifanyika mbele ya macho yake, naye akalibariki. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake.

Akaning'iniza kichwa cha kitanda kwenye ndoano. Akachukua vipande viwili vya bomba vilivyobaki chumba cha mchanga, uchi, vijivu, pacha. Kimoja akakilowesha kwa maji ya mvua kutoka pipa la chini ya paa. Kingine akakilowesha kwa maji ya tangi la Phinées. Akaviweka juu ya ubao mbele ya kiti cha Masœur. "Tunywe kahawa," alisema.

Wakanywa. Kahawa ya kule milimani ni nzuri na Masœur aliisifu, ila hakuna aliyekuwa anaionja. Kabla vikombe havijaisha, kipande cha pili kilianza kugeuka. Kwanza madoa, kisha madoa yakashikana, kisha kipande chote kikawa na rangi ya mawese. Kile cha maji ya mvua kilikuwa bado kijivu, na tone juu yake.

"Hiyo njo ilikuwa chini ya rangi yangu," Kyakimwa alisema. "Chlore inaacha chumvi. Fosfati inaificha kidogo, hatuioni, tunapaka juu yake. Masœur, nilikuambia ni chlore yenu. Ilikuwa yetu. Bitanda biliharibikia hapa. Kosa ni ya atelier yangu."

Alisema hivyo akimtazama Masœur usoni, bila kumtaja mtu. Masœur akanyamaza ule unyamavu wake. Ila wakati huu aliyejisema hakuwa Kyakimwa.

"Ile rangi ninaijua," Phinées alisema.

Alikuwa amechutama mbele ya ubao. Hakukigusa kile kipande.

"Ku Mangina. Walinituma chambre moja ya kumwanga dawa. Bale ba kubeba maiti balikuwa bamekwisha kupita. Ilikuwa chambre ya Falonne." Akavuta glavu zake. "Walisema mutu mwingine anaweza kuingia. Nikasema hapana, ni ya miye. Kitanda ilikuwa ya chuma, ya zamani, rangi ilikuwa imekwisha toka. Nikamwanga. Walitufundisha kungojea, donc nikangojea. Na chuma ikaanza kutoa ile rangi. Ile ile. Nikasema, ni ugonjwa njo inatoka mu kitanda. Nikamwanga tena. Ikazidi. Nikamwanga pompe yote, mpaka maji ikafika ku mulango, na yenyewe iko nazidi tu."

Bilali alivua kofia, sijui kama mwenyewe alijua.

"Tangu pale, kila kitanda inatoka kule, mi naona ile kintu iko ndani. Mchanga inatoa kutu, sawa. Lakini ile kintu ingine? Njo maana natiaka kifuniko."

Masœur Bénie alitazama mikono yake ndani ya zile glavu kubwa. "Siye pia tuliona," alisema mwishowe. "Ku makasi, ku meza, ku milango. Kila mara iko nakuwa nyekundu, tunasema bado, tunazidisha dawa. Hakuna mutu alituambia ni dawa yenyewe. Siye bote tulifikiri kama weye."

Hasira ya Kyakimwa ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa na huzuni kubwa kwa ajili ya mtu huyu aliyekaa miaka yote hiyo akiosha kitanda kimoja. Angeweza kumwambia akae, apumzike, yeye atasuuza. Ingekuwa rahisi. Lakini alimjua. Akimwondoa leo kwenye tangi, atakuwa amemwambia kwamba kile kitu kweli kilikuwemo.

"Simama, Papa Mathe," alisema. "Mwanga ile maji yote. Piga brosi mu tangi. Jaza ya mvua."

"Mvua bure?"

"Mvua bure."

"Na kama…"

"Kama nini? Kisha maji chuma inaenda wapi? Mu tanuri. Ile moto inayeyusha unga inakuwa maji. Unga yangu, ngumu vile. Niambie mikrobe gani itaingia mule na itoke iko nacheka."

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke lorini, Masœur Bénie alitabasamu. "Siye makasi ya kukata kitovu tunaipitishaka mu moto, kisha tunaitumia," alimwambia Phinées. "Na tanuri ya mama inapita ile yetu mbali. Moto inatosha, papa. Nakuambia miye infirmière."

Phinées akasimama. Akalimwaga tangi, na maji yakakimbia kwenye mfereji yakinuka ile harufu, na Kyakimwa akaisikia, akashangaa jinsi ilivyokuwa kali. Akalisugua tangi kwa brashi, akalisuuza, akalisugua tena, hakuna aliyemharakisha. Akalijaza maji ya mvua ndoo kwa ndoo. Mkono wake wa kulia ukaenda mfukoni, kwa mazoea tu, ukakaa humo. Kisha ukatoka mtupu.

Akakishusha kichwa cha kitanda kutoka ndoanoni, wakakirudisha kidogo katika fosfati kwa kuwa kilikuwa kimeanza kukauka vibaya, halafu akakizamisha katika maji matupu. Akakitikisa ili maji yapite kila pembe. Akakitoa, akakining'iniza, akarudi nyuma hatua moja, akasimama akingoja. Ndivyo walivyomfundisha.

Kwa kanuni za Kyakimwa mwenyewe, chuma kilichosuuzwa hakingoji. Kinaingia tanurini hapo hapo kikauke, na kwa kuchelewa kidogo tu huwa anapiga kelele zinazofika Rughenda yote. Safari hii alifunga mdomo. Tanuri lilikuwa linawaka bure, umeme unakwenda, na yeye amesimama mikono nyuma.

Maji yalidondoka. Mabomba yakabaki kijivu. Phinées akazunguka upande wa pili, akainama, akaangalia chini, mle maungioni, ambako malengelenge yalikuwa mengi. Kijivu. Akazunguka tena.

"Haitoki," alisema.

"Haitatoka."

"Tungojee kidogo."

"Tungojee."

Wakangoja. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na upande wa uwanja wa ndege sauti ya injini ilisikika ikijaribu kuwaka. Masœur alikuwa amesimama kando ya kiti chake. Matone yakapungua, yakakoma, na kwenye chuma hakukuwa na doa.

"Donc Falonne…" Phinées alianza, akakwama, akaanza upya. "Donc Falonne hakuachaka kitu mu kile kitanda."

"Hakuacha kitu," Kyakimwa alisema. "Ilikuwa chuma na chlore, bas. Yeye alikuwa amekwisha kwenda zake, hakuacha kitu."

Phinées aliitikia kwa kichwa mara nyingi, macho yamejaa, na hakuyafuta kwa sababu ya glavu. Kisha akakishika kichwa cha kitanda kwa mikono miwili, akakibeba mpaka kwenye mlango wa tanuri, akakiingiza, akafunga.

"Bilali," Masœur Bénie alisema, "shusha byote."

Bilali akaenda kufungua kamba. Kyakimwa alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake ya kioo, tayari kwa kinachofuata, kompresa imeanza kunguruma, na kwa hiyo Phinées ilimbidi apaze sauti, yeye asiyepaza sauti, ili asikike mpaka kwenye lori.

"Leta moja moja," alisema. "Nataka nikiangalie kila kimoja."